Mpangaji wa Chumba cha Mbele

Mtaani kwetu Sokomuhogo hapakuwa na mtu aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mtafiti, basi. Watoto walimwita Mtafiti, wazee Bwana Mtafiti, na mamangu akimkasirikia alimwita "huyo mgonga kuta wako", kana kwamba mimi Rukia ndiye niliyemzaa.

Na kuta alizigonga kweli. Hakuweza kupita kichochoroni mikono yake ikatulia. Atagonga kwa kifundo cha kidole, atainamisha sikio, atagonga tena chini kidogo, kisha ataondoka bila ya kusema neno. Umemwona mtu anayechagua tikiti sokoni? Ndivyo alivyokuwa. Wenye nyumba walichukia, maana nani anataka nyumba yake ipigwe hodi kila siku na mtu asiyetaka kuingia? Muuza kahawa alikuwa akimpigia kelele: "Yakhe, ukuta hausemi huo! Hebu njoo unywe kahawa." Mtafiti atakwenda, atakunywa huku amesimama, atarudisha kikombe, na huyo kashafika nyumba ya tatu.

Jina hilo alijipa mwenyewe kwa mdomo wake. Aliporudi kutoka Ulaya, mwaka uleule wa Mapinduzi, wakati wenziwe wengi walikuwa wakitafuta njia ya kutoka, waliokaa barazani walimuuliza huko alikuwa nani. Akajibu kwa heshima zote: "Mwanafunzi mtafiti, katika maabara ya vifaa vya ujenzi ya chuo kikuu." Lo! Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mwanafunzi, na kipara kinaingia! Lakini neno likanasa, na yeye hakulikataa.

Maabara ile hakuacha kuihadithia. Walikuwa watatu walioshikana: yeye, Mmisri mmoja na kijana wa Kihindi kutoka Punjab. Kazi yao ilikuwa kuvunja vitu. Wakichanganya saruji na mchanga, wakiumwaga kwenye vibweta vya chuma, wakivitia majini vile vipande vikomae, kisha wakivikandamiza kwenye mtambo ili wajue vimebeba uzito gani kabla ya kupasuka. Mwalimu wao akawaambia kila mmoja alete kitu cha kwao. Mmisri akaleta tope la Mto Nili. Yeye akamwandikia mamake, na mama mtu akamtumia chokaa ya tanuu ndani ya kopo la maziwa. Watu wa posta wakalifungua, wakamwita aeleze unga ule mweupe ni wa nini. Akawaambia kwetu tunajengea majumba, na ile iliyobaki tunakulia tambuu. Hawakumsadiki mpaka alipochovya kidole akakitia mdomoni mbele yao, na ulimi ukamchonyota wiki nzima.

Ukimwuliza wenziwe wako wapi, alitoa mfukoni kadi walizomtumia kwa posta. Mmoja anajenga bwawa, mwengine kawa mkubwa wa maabara kwao. Kila mmoja alimwandikia njoo, yakhe, kazi ipo. Naye akisema "mwakani". Tulikuwa tukiishi hivyo sote miaka ile, mwakani, mwakani. Ukiamka asubuhi unakuta mlango wa jirani umefungwa kwa kufuli, na unauliza kwa sauti ya chini. Redio ikilia mtu anaacha kula asikilize. Mimi nilikuwa nishaachika, nashona nguo kwa cherehani ya mama, na sikuweza kumaliza pindo moja bila ya kunyanyuka kwenda dirishani. Nilikuwa nangoja nini, sijui.

Alipata kazi katika idara moja ya ujenzi. Walimpa chumba chenye meza na mtambo uliosubiri kipuri, na kipuri hakikuja. Mtu aliyezoea kuvunja akawa hana cha kuvunjia. Basi akatumia ulimi. Jumapili tukienda Ng'ambo kujitolea kwenye majumba mapya, wanawake na karai za kokoto vichwani, wanaume na sururu, yeye alikuwa akipita kwenye kila lundo la mchanga, anachota kidogo, analamba, anatema. Alikuwa akitafuta chumvi. Mchanga wa pwani usiooshwa, akisema, unakula chuma ndani ya zege polepole, na nje huoni kitu. Wanawake wakacheka: "Jamani, Mtafiti ana mimba, anatamani udongo!" Naye akajibu, mchanga bado mdomoni, "Ya mapacha, Bi Mwanaidi, niombeeni." Siku moja alilitemea mate gari zima la mchanga, na dereva akataka kumpiga. Likarudi na mchanga wake. Dereva hakumpa salamu tena maisha yake yote.

Alikuwa na msemo wake: "Hujui nguvu ya kitu mpaka ukivunje." Mamangu alipousikia mara ya kwanza alimtazama juu mpaka chini.

"Ndio maana hujaoa," akamwambia.

Mtafiti alicheka mpaka akashika ukuta. Huo nao akaugonga.

Lakini msemo ule haukuwa mzaha kwake. Ukimwuliza je, nyumba yangu itasimama masika haya, hakupi moyo wala hakuvunji. Atasema: "Sijui. Sijauvunja." Watu walitaka mtaalamu wa kuwaambia ndiyo au la, na serikali imemlipia nauli. "Sijui" ya kazi gani? Hata mimi ilinichosha. Nilidhani msomi ni mtu mwenye majibu.

Wa kujisifu hakuwa, na sababu yake ilijulikana mtaa mzima ingawa haikusemwa mbele yake. Aliporudi kutoka Ulaya, jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kumpamba mamake. Nyumba ya yule bibi ilikuwa ya mawe na chokaa kama zetu, plasta yake imechubuka. Mtoto karudi na elimu ya saruji, ataiacha? Akaitwanga chokaa yote ya zamani ikaanguka chini, akazipiga kuta saruji, ndani na nje, zikawa laini zinang'ara. Watu walikuja kuzipapasa. Bibi akapika biriani. Kumbe ukuta wa chokaa hunywa maji ukayatoa, ndivyo ulivyozaliwa, na saruji imeuziba pumzi. Maji yakabaki ndani. Masika ya kwanza kuta zilitoa jasho, masika ya pili zikavimba, na upande mzima ukaja chini pamoja na dari, boriti zimeoza kama muwa uliotafunwa. Bibi alikuwa sokoni, Alhamdulillahi. Akahamia Bububu kwa kaka yake, kwenye chumba cha uani, na huko kila siku alikuwa akifunga kanga zake kwenye bahasha yake, mkoba wa ukili, arudi kwake. "Kwako wapi, mama?" mwanawe akimwuliza. "Kwangu," akijibu. Alifia Bububu, bahasha imefungwa. Kosa lile asingelifanya mwashi wa mtaani. Lilihitaji mtu aliyesoma saruji na anayempenda mamake.

Ndiyo akawa mtu wa kugonga kuta.

Sasa nije kwetu. Mamangu alizaliwa katika nyumba ile, akaolewa ndani yake, akafiwa na mumewe ndani yake. Mbele, chini, palikuwa na chumba kikubwa chenye madirisha ya kichochoroni, na hapo akisomesha watoto Kurani. Mtaa mzima ulimwita Bi Mwalimu. Tangu asubuhi utasikia alifu, bee, tee, na bakora ikigonga mkeka. Juu ya chumba hicho tuliweka makorokoro, na sisi wawili tukilala juu nyuma.

Masika ya mwaka mmoja ukatoka ufa katika ukuta wa mbele, kwa ndani, unaanza dirishani unapanda juu. Bi Mwanaidi, jirani yetu wa pili, akaja akasema kama wote mnavyojua kusema: "Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

Mtafiti alikuwa amesimama mlangoni. "Methali hiyo kaitunga muuza saruji," akasema. "Ufa usizibwe. Utazamwe."

Kabla haujatazamwa, ofisi ya serikali inayosimamia majumba ikapata habari. Wakati huo nyumba ikionekana mbovu watu walitolewa, wakapelekwa kwengine, na mara nyingi hawakurudi. Mimi, nisemeje, nilikuwa nataka! Nilitaka nyumba mpya ya Ng'ambo, bomba la maji ndani, taa ya kubonyeza, dirisha linaloona mbali. Mama akaniambia neno moja tu: "Rukia, nikitolewa humu nitakufa njiani." Na hakuwa mtu wa kutishia. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, akipanda ngazi anapumzika katikati. Nikajua ni kweli, nikayatia maneno ya bomba mfukoni.

Wakaja mabwana wawili wa ofisi, na Mtafiti wamemchukua awe mtaalamu wao. Mama amekaa kwenye mkeka katikati ya watoto, hakunyanyuka. Mtafiti akagonga ukuta, akagonga, akatia ukucha ndani ya ufa, akalamba ukucha. Akatoka nje akatazama kutoka kichochoroni. Alichelewa sana. Nikawa nakunja na kukunjua ncha ya mtandio.

"Haya, Ndugu mtaalamu," mkubwa wao akasema. "Unaanguka au hauanguki?"

"Sijui," akajibu.

"Hujui vipi? Ndiyo kazi yako!"

"Mtambo wangu hauna kipuri. Na ningekuwa nao, nisingeweza kuutia ukuta wa mtu."

Mkubwa akakasirika. "Basi nakuuliza hivi. Wewe mwenyewe ungekaa humu?"

Mtafiti akautazama ukuta, akawatazama watoto. "Nitakaa," akasema. Alasiri yake alikuja na godoro na sanduku. Mabwana wa ofisi wakaandika walichoandika, na hawakurudi.

Mngedhani tulimshukuru. Sivyo! Kwa sababu alipofika alimwambia mama, pale pale, mbele yangu: "Mama, nnataka chumba cha mbele."

"Kina watoto wangu wa chuo, hukioni?"

"Nimekiona. Hao watasoma ukumbi wa nyuma."

"Ukumbi wa nyuma giza! Na mfupi! Nusu yao hawatoshi."

"Nusu watakuja asubuhi na nusu alasiri," akasema. "Mimi chengine sikitaki, ni hicho tu."

Hakuwa mtu wa kung'ang'ania, ndiyo tukashangaa. Mama angeweza kumfukuza, lakini bila ya yeye kukaa ofisi ingerudi. Akamwachia. Na hakumsamehe. Wako watoto ambao alasiri walikuwa na kazi za nyumbani, wakaacha kuja. Chuo kikapungua. Mama alikuwa akikaa kwenye ukumbi ule wa giza, akisoma na hao waliobaki, na kila akitua pumzi anasema kwa sauti ya kusikika mbele: "Kuna watu wameletewa elimu ya Ulaya wakaja kunyang'anya elimu ya Mungu." Mbele atasikika anakohoa.

Mimi ndiye niliyemchukia zaidi. Mama alikuwa akimpelekea uji hata akiwa na hasira naye, mimi nikimpelekea kwa kugonga kata mlangoni ili ajue ni mimi. Chumba hakuruhusu mtu kuingia kufagia. Alifagia mwenyewe kila asubuhi, na katika takataka zake niliona vipande vya kioo, kila siku vipande vya kioo, hasa nyakati za mvua. Nikasema kumbe huyu anavunja bilauri za watu. Nikachungulia dirishani nikaona magogo ya mkoko yamesimamishwa kutoka chini mpaka darini, na mashati yametundikwa juu yake. Nikasema, msomi gani huyu, kabati limemshinda! Chumba cha juu yake nacho aliomba kifungwe, ufunguo akae nao yeye. "Makorokoro yenu yananiangushia vumbi," akasema. Khaa! Mpangaji na amri.

Na hapohapo, mtu yuleyule, foleni ya mchele ikiwa ndefu alisimama yeye badala ya mama tangu alfajiri. Mama akiita kutoka juu, "Mtafiti!" anajibu, "Naam, Mama!" na ngazi anazipanda mbilimbili. Alimbeba mgongoni kumpeleka kwa daktari na kumrudisha, na mama mgongoni kwake akimtukana kwa ajili ya chuo chake njia nzima. Alikuwa akitikisa kichwa tu. Siku moja nilimwuliza kwa nini asijitetee. Akasema, "Ana haki." Nikadhani anakiri.

Hivyo tukaishi, masika baada ya masika. Kadi za wenziwe zikaendelea kuja, kisha zikapungua, kisha zikakoma. Nywele zake za pembeni zikaota mvi. Mamangu alifariki katika miaka ya sabini ya mwanzo, katika kitanda chake, chumba chake, mchana, baada ya kusali adhuhuri. Alikuwa ameshika mkono wangu. Neno lake karibu la mwisho lilikuwa kuhusu watoto, kwamba wasome mbele, kwenye mwanga. Mtafiti alikuwa amesimama mlangoni, alilisikia. Akageuka akashuka chini.

Matanga yalipoanuliwa, wanawake wamekwenda zao, mimi nimekaa na kanga ya mama puani, akaja. Alivaa viatu vyake, amechukua kamba ya kufungia mizigo.

"Bi Rukia. Hama. Leo, si kesho."

Nilimwona mwehu. "Arubaini ya mamangu bado! Umeshachukua chumba, sasa unataka nyumba?"

"Njoo," akasema.

Kwa mara ya kwanza tangu akichukue niliingia chumba cha mbele. Magogo yale ya mashati kumbe yalikuwa yameegemeza dari. Ufa ule niliouacha unapenya kidole, sasa mkono ungeingia. Na juu yake, kutoka chini mpaka darini, alikuwa amebandika vipande vya kioo, kila kimoja kimeshika huku na huku ya ufa. Vyote vilikuwa vimekatika katikati.

"Hivi vya leo," akasema. "Kioo hakinyumbuki. Ukuta ukisogea, kinakatika. Kila vikikatika nilikuwa nabandika vyengine."

Nikamwuliza, na sauti yangu siijui: "Ulijua tangu lini?"

"Siku waliponileta."

"Ukasema hujui."

"Ningesema najua, mngetolewa siku ileile. Mamako angefia kwa watu." Akaelekeza kidole nyuma. "Nyuma kuna ukuta mwengine, ule niliuamini. Wa mbele nilitaka tu pasiwe na mtu, chini wala juu. Na chumba kitupu watu hukijaza, Bi Rukia. Watoto wangerudi. Ilibidi kiwe na mwenyewe."

Nilitazama mahali ulipokuwa mkeka wa chuo. Palikuwa na godoro lake, chini kabisa ya ufa. Watoto wote wale, alifu, bee, tee, na mamangu katikati yao. Mamangu alikufa akiamini kuwa alinyang'anywa.

"Ungemwambia!" nikapiga kelele. "Mungu wangu, ungemwambia yeye tu!"

"Angewarudisha watoto kwao, chuo kikafa. Akabaki na ukuta peke yake anautazama. Hivi alikuwa akinitazama mimi."

Tukahama siku ileile. Majirani walisaidia, tukapitisha vitu kwa mlango wa uani. Mtafiti hakutaka kutoka mpaka mimi nitoke. Kila nikimwambia tangulia, anasema tangulia wewe, akaokota hiki na hiki, mpaka nikatoka na cherehani ya mama nikamwona naye anatoka nyuma yangu. Ukuta wa mbele ulilala masika yaliyofuata, mchana kweupe, ukazika kichochoro, na hakuumia hata paka. Lakini siku ile ulikuwa bado umesimama, mweupe, na jua limeupiga, na mpita njia asingejua kitu.

Tulikuwa nje, mwisho wa kichochoro, mbali na ukuta ule, tunangoja gari la ng'ombe. Nikamwuliza kama alikuwa akiogopa.

"Kila mvua," akasema. "Nikisikia inaanza, nilikuwa navaa viatu."

"Halafu?"

"Halafu nakumbuka nyinyi mko juu. Nikitoka mtajua. Navivua."

Nilitaka kumpiga, wallahi, nilinyanyua mkono. Nikakaa kwenye godoro la mamangu pale kichochoroni, nikalia mbele za watu, na yeye akasimama pembeni yangu ameshika kamba, hajui aifanye nini.